Siku Tiara Ilipotua Point Cook

Mama alijikinga jua kwa kiganja, akakitazama kile chombo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hiki ndicho tulichoamkia alfajiri?"

"Ndicho, mama."

"Mbona kama dema?"

Kwa asiyejua, dema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, na kwetu Mafia ukipita ufukweni lazima uyakute yamepangwa yakisubiri maji. Sikuwa na la kumpinga. Mbele yetu kulikuwa na miti, waya na kitambaa, na katikati yake uwazi mtupu ambamo upepo uliingia na kutoka utakavyo.

Ilikuwa Jumamosi, Machi 1, 2014. Tulikuwa Point Cook, kusini-magharibi mwa jiji la Melbourne, Australia, kwenye uwanja wa ndege wa jeshi ulio kando ya ghuba ya Port Phillip. Siku hiyo ilitimia miaka 100 tangu ndege ya kwanza ya jeshi la nchi hiyo iruke na kutua pale, na jeshi la anga lilikuwa limeandaa maonyesho ya siku mbili. Mimi naishi jirani, huku Werribee. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, na wiki nzima nilikuwa nikimwahidi kwamba nitampeleka kuona ndege. Yeye alikuwa ametoka kusafiri kwa ndege kubwa, amekula humo na kulala humo. Alitegemea kuonyeshwa kubwa kuliko ile.

Jina la chombo kile ni Bristol Boxkite, yaani tiara ya sanduku. Wanaotoka pwani ya Kenya wangeiita kishada. Ni tiara kweli, ila imebeba mtu na injini. Mabawa mawili yamelazwa moja juu ya jingine, yameunganishwa kwa fito zilizosimama na kukazwa kwa waya za mshazari. Mkia uko mbali nyuma, umeshikwa na boriti nyembamba nne. Mbele kabisa kuna kibawa kingine kidogo cha kuinua na kuinamisha pua, kimetangulizwa kwenye mikono ya mbao kama mtu anayepokea wageni na sinia. Kiwiliwili hakuna. Rubani hukaa kwenye ukingo wa bawa la chini, miguu yake iko hewani, na injini pamoja na pangaboi viko nyuma ya mgongo wake. Zamani mwanafunzi alikaa nyuma ya mwalimu, amebanana naye, akapenyeza mkono juu ya bega la mwalimu ili aushike mpini wa usukani na kuhisi unavyosogea. Ndivyo watu walivyojifunza kuruka: kwa kushika mkono unaojua.

Tulisogea karibu kiasi cha kuona mishono ya kitambaa. Kwenye ncha za mabawa kuna vipande vyenye bawaba vya kuilaza ndege upande mmoja au mwingine, na ndege ikiwa imesimama vinaning'inia kama masikio ya mbuzi. Upepo wa mwendo ndio huviinua. Mama alivitazama sana vile. Upepo ulipopita kwenye waya zilitoa mlio mwembamba, nami nikakumbuka kamba za jahazi lililotia nanga. Sikumwambia, lakini naye alikuwa ameinua kichwa.

Kilichokuwa mbele yetu ni nakala, si chombo chenyewe cha mwaka 1914. Wahandisi wawili waliostaafu jeshi la anga walijitwika kazi ya kukijenga upya, wakasaidiwa na watu wa kujitolea, na ikawachukua miaka. Kiliruka kwa mara ya kwanza Septemba 2013, palepale Point Cook, miezi michache tu kabla ya siku yenyewe. Nawaheshimu sana watu wale. Wangeweza kusimamisha jiwe lenye maandishi, likapigwa picha, likaachiwa ndege wa angani. Wao wakaona kwamba kumbukumbu ya kuruka ni kuruka.

Nieleze kidogo kilichokuwa kinarudiwa.

Serikali ya Australia ilipoamua kuanzisha shule ya urubani wa kijeshi, ilimwajiri Henry Petre, Mwingereza aliyeacha uwakili akaingia angani. Alikuwa amefiwa na ndugu yake Edward mwezi Desemba 1912, kwenye ajali ya ndege, akijaribu kusafiri kutoka Brooklands kwenda Edinburgh. Petre akaja hivyohivyo. Mwaka 1913 alipanda pikipiki akazunguka kutafuta mahali pa shule. Wakubwa walitaka iwe Duntroon, palipo na chuo cha maofisa. Yeye hakupapenda. Alipofika Point Cook akakuta malisho ya kondoo, tambarare, na bahari upande mmoja, akasema hapa. Serikali ikanunua karibu hekta 300. Mwenzake alikuwa Eric Harrison, fundi mzaliwa wa upande wa Castlemaine, Victoria, ambaye tayari alikuwa amewafundisha marubani wa kijeshi Uhispania, Italia na Ujerumani kwa niaba ya kampuni ya Bristol. Shule yao ilikuwa na ndege tano: Deperdussin mbili, B.E.2a mbili, na Boxkite moja ya kufundishia.

Jumapili, Machi 1, 1914, Harrison akakaa kwenye ukingo wa bawa la Boxkite akaruka. Siku hiyohiyo Petre akapanda na Deperdussin. Vitabu vyote vinaiita siku ya kuruka kwa kwanza. Mimi naiita siku ya kutua kwa kwanza, na nina sababu.

Nimekulia Kilindoni. Uwanja wetu wa ndege uko mjini kabisa, na enzi zetu ulikuwa wa vumbi na changarawe. Ikisikika ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, watoto tulitoka mbio kwenda ukingoni mwa uwanja, na kama kulikuwa na mbuzi katikati ndio sisi wa kumfukuza. Tulitazama inavyoshuka, inavyoyumba, inavyogusa, vumbi linavyopanda. Inapopaa hatukujali sana. Tulikuwa tumekwisha kurudi kwenye mpira. Ndege ikipaa, mtu ameondoka. Ikitua, mtu amefika. Amekuja na zawadi, au amekuja na maiti, au ni daktari, lakini amefika. Hata leo nikiwa kwenye maonyesho, watu wakishangilia kupaa mimi bado nimebana pumzi.

Na ukweli wa mashine zile za zamani uko upande wangu. Ndege ya leo ina nafasi kubwa kati ya mwendo wake wa kasi kabisa na ule mwendo ambao ukishuka chini yake mabawa hayabebi tena. Boxkite kasi yake yote ni kama kilomita 64 kwa saa, mwendo wa daladala kwenye barabara nzuri, na mwendo wa kuanguka uko chini yake kidogo tu. Rubani anaishi ndani ya uchochoro huo mwembamba. Injini ikizimika, miti na waya zote zile huikamata hewa, na asipoinamisha pua papo hapo mwendo unakufa mikononi mwake. Breki hakuna. Magurudumu yamefungwa kwa kamba za mpira kwenye mbao mbili za kuteleza kama za mtumbwi. Ndiyo maana waliruka alfajiri au jioni, upepo ukiwa umelala.

Injini ya asili, Gnome ya nguvu farasi 50, ilikuwa na tabia yake. Injini yenyewe nzima ilizunguka pamoja na pangaboi. Huwezi kuipunguza taratibu kama unavyoondoa mguu kwenye mafuta ya gari. Rubani anayetua alikata moto kwa kubonyeza kitufe, akaachia, akabonyeza tena, na watu wa chini walisikia ikikohoa na kunyamaza, ikikohoa na kunyamaza, mpaka iguse. Ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, kwa sababu hayo hayachanganyiki ovyo na petroli, na hayakurudi kwenye tangi bali yalirushwa nje yote. Rubani, kitambaa, mbao, vyote vilinuka nyonyo. Nilipomweleza mama alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Basi ile harufu ningeijua." Nyumbani kwetu ilikuwa dawa ya tumbo la mtoto na mafuta ya nywele za bibi. Nakala ya Point Cook inatumia injini ya siku hizi, nami nalielewa hilo, maana uhai wa rubani una thamani kuliko harufu. Lakini nilisikitika. Ningependa mama aisikie.

Basi kile chombo kikaanza kukimbia. Mkia ukainuka kwanza, yale masikio ya mbuzi yakaamka yakanyooka. Mimi nilikuwa natazama mabawa, nikingoja yapande, na kwa kuwa kilikwenda polepole vile sikujua hata kilipoachana na ardhi. Mama ndiye aliyeona.

"Kivuli," alisema. "Tazama kivuli."

Kivuli kilikuwa kimeachana na magurudumu. Mwanga kama wa upana wa kiganja ulipita katikati yao, ukawa kama wa mkono, ukawa kama wa mtu. Hakikupanda juu sana. Kilinyooka juu ya uwanja, na kwa kuwa hakina kiwiliwili tulimwona rubani mzima, magoti yake, viatu vyake, amekaa hewani kama mtu aliyekaa kwenye kibaraza. Sijawahi kumwona binadamu hewani waziwazi vile. Kwenye ndege za siku hizi unaona ndege. Pale uliona mtu.

Halafu kikaanza kurudi chini. Sauti ya injini ilishuka, na nikasikia kitu ambacho nadhani ni zile waya. Mama alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, mahali anaponishika tangu utotoni tukivuka barabara. Kilikuja kikiyumba kidogo, kushoto, kulia, mkono wa rubani ukimjibu upepo. Kivuli kikawa kinakimbia mbele yake, kikapungua mwendo, kikamngoja, kisha kivuli na magurudumu vikakutana. Kikaruka kidogo, kikatua tena, kikatulia, kikasimama pole chenyewe bila breki. Yale masikio yakalala.

Baadaye zilipita ndege za kivita zenye mngurumo wa kutikisa kifua, na watu wengi ndizo walizozipigia picha. Mama alikwenda kukaa kivulini. Alikuwa ameona alichoona.

Kuna mambo mawili kuhusu kutua ambayo siwezi kuyaacha.

La kwanza ni la palepale. Machi 9, 1914, siku nane baada ya ile ya kwanza, Petre aliivunja Deperdussin akitumia uwanja uleule aliouchagua mwenyewe, alinusurika. Agosti 17 mwaka huo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa na wiki mbili, wanafunzi wanne wa kwanza walianza masomo: Richard Williams, Thomas White, David Manwell na George Merz. Williams akaja kuwa mkuu wa jeshi la anga la Australia, lililozaliwa rasmi Machi 31, 1921. Merz alikuwa daktari. Mwaka 1915 alipelekwa Mesopotamia, Iraki ya leo, chini ya Petre. Julai 30 injini ya ndege yake ilimfia juu ya jangwa, naye akatua salama pamoja na mwenzake William Burn, Mnyuzilandi. Ndege ilitua. Wao hawakurudi: waliuawa pale chini na watu wenye silaha. Merz ndiye rubani wa kwanza wa kijeshi wa Australia kuuawa vitani. Nikimfikiria, namwona amekaa nyuma ya Harrison, mkono juu ya bega lake, akijifunza kushusha tiara kwenye malisho ya kondoo.

La pili alilianzisha mama, tukiwa garini kurudi Werribee. Alisema babu yake, aliyekuwa mtoto wakati wa vita ya Mjerumani, aliwahi kuwasimulia habari za "ndege ulaya", ndivyo walivyoziita, zilizokuja Mafia zikaruka kuelekea Rufiji. Watu walikimbilia chini ya miembe. Babu hakukimbia, alipanda mwembe. Kisha mama akasema jambo lililonifanya nipunguze mwendo: "Alisema zilikuwa za miti na kitambaa, na mtu unamwona. Sisi tulidhani anatutania."

Hakuwa anawatania. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915. Meli zao hazikuweza kuona ndani ya mikoko, kwa hiyo wakaleta ndege, na zile za majini za mwanzo zikashindwa na joto letu: gundi ililegea, mbao za pangaboi zikaachana, injini hazikuwa na nguvu ya kuinuka na watu wawili. Ikabidi ziletwe za nchi kavu, Caudron na Henri Farman, na kisiwani ukafyekwa uwanja. Na Boxkite ya Bristol, ile dema aliyoitazama mama, ilinakiliwa kutoka kwa ndege ya Henri Farman. Ni ukoo mmoja. Miezi 16 baada ya Harrison kutua Point Cook, ndugu wa tiara yake walikuwa wanatua Mafia.

Julai 11, 1915, Farman moja ilikuwa juu ya Rufiji, rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold, wakielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Ikapigwa risasi. Injini ikafa. Wakati ndege inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho, mbele kidogo, rudisha nyuma, mpaka wakaingia mtoni karibu na Mersey. Ndege ikapinduka, Cull alinaswa majini kabla ya kujinasua, wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Nimesoma habari hizi mara nyingi tangu siku ile, na katika vitabu nilivyopata kuvisoma majina ya marubani yapo, ya meli yapo, hata ya mizinga yapo. Waliofyeka uwanja wa Mafia sikuwakuta. Mtu alishika panga. Mtu aling'oa visiki, akasawazisha mashimo ya kaa, akabeba mapipa ya petroli kutoka ufukweni. Vita haikuwa yao, lakini ardhi ambayo magurudumu yaligusa waliitengeneza wao kwa mikono. Ndoto yangu, nayo naisema wazi, ni kwamba ipo siku Farman ya kuigwa itatua Mafia kama Boxkite ilivyotua Point Cook, na wazee wa kisiwa watakaa mbele, na kabla haijaruka tutafyeka kwanza. Uwanja wote, kwa panga, mbele ya watu, ili kazi hiyo nayo irudiwe.

Nakala ya Boxkite siku hizi iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga, hapohapo Point Cook. Nami hupita kuitazama nikipata nafasi baada ya zamu ya usiku. Jirani ya uwanja nyumba zimejengwa mpaka karibu, na mitaani humo utasikia Kihindi, Kichina, Kiarabu, na siku moja moja Kiswahili cha Burundi na Kongo. Ndani ya makumbusho kunakuwa kimya. Hakuna upepo wa kuinua yale masikio.

Julai 11, 2015 mama alinipigia simu. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Kwake alasiri, kwangu usiku umekwisha kuingia. Nilisikia upepo ukipiga simu yake nikajua yuko nje.

"Nimekuja uwanjani," alisema. "Leo ndiyo siku yao, si uliniambia?"

"Ndiyo, mama. Lakini umefunga, na jua hilo."

"Nimekaa kivulini. Kusi linavuma kweli, mwanangu. Kuna kindege kimekuja kutoka Dar sasa hivi, kimekuja upandeupande kama kaa. Nimekitazama kivuli mpaka kikakutana na magurudumu."

Nikamuuliza nani amekuja.

"Simjui," alisema. "Lakini kafika."